Upande wa Pili wa Kaseti

Binti yangu akikaanga simsim, mimi hutoka nje. Harufu ile hunirudisha utotoni, mtaa wa Mvara, barazani kwa jirani yetu, mwalimu Mholanzi, aliyependa nyimbo za roki ndefu ajabu. Kinanda, filimbi, ngoma zinazogeuza mwendo ghafla. Wimbo mmoja ulikula upande mzima wa kaseti.

Nilimuuliza kwa nini waimbaji wale hawaimbi Kiingereza kama watu wa maana. Akacheka.

"Hii iko Kiholanzi, luga ya mama yangu. Mama yako iko naimba luga gani?"

Mama, mtu wa Koboko, alikuwa uani kwetu akisaga simsim kwenye jiwe, akiimba Kikakwa kama kawaida yake. Mholanzi akageuza kaseti, akanifuata uani na redio mkononi. Mama alipomwona alikatiza wimbo, naye mwalimu akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

"Mama, naomba imba tena."

Nikaona nyayo za mama zilizopasuka, mafuta yakimchuruzika hadi viwikoni. Shuleni lugha ile tulichapiwa viboko. Nikamwahi mama, nikamwambia mgeni:

"Huyu hapana jua kuimba. Hii iko kelele tu ya kusaga."

Mama aliniangalia kidogo, kisha akamgeukia mgeni kwa upole.

"Mutoto nasema kweli. Mimi hapana jua kuimba."

Akainamia jiwe lake.

Mholanzi aliponiaga kurudi kwao, alinipa kaseti ile. Ninayo bado. Sauti ya mama niliyobaki nayo ni hayo maneno tu, halafu jiwe, mpaka utepe unakwisha.