Neno Akawa, Siyo Neno Likawa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nauza vitambaa Mlandege, ubavuni mwa duka la Bi Mkubwa, mama wa Kiarabu aliyeuza kanga na kusahihisha Kiswahili cha kila apitaye. Bei ya kanga alipunguza. Sarufi hakupunguza.

Mimi mzaliwa wa Jang'ombe, hapo hapo kisiwani, wazazi wa bara. Mteja akishindwa na bei yangu, husema, "Nyie wa bara hamjui kusema." Basi nikajifunza kusema kuliko wao. Kiswahili changu kilikuwa mtaji, sikukubali kipungue hata silabi.

Mwaka huo nikachaguliwa kusoma kanisani siku ya Krismasi, mara yangu ya kwanza. Mteja akiondoka, nafanya mazoezi. Nilipofika pale andiko lisemapo "Neno akawa mtu", Bi Mkubwa akaweka mkasi chini.

"Likawa," alisema. "Neno likawa. 'Akawa' ni mtu, 'akawa' ni mbuzi."

"Imeandikwa akawa, Bi Mkubwa."

"Aliyeandika katoka bara."

Kicheko kikatoka duka la pili. Nikawahesabu waliocheka, nikawahesabu tena: wanne, wawili wao wateja wangu.

"Nakufanyia wema, mwanangu," akaendelea, sasa kwa sauti ya biashara. "Siku hiyo ntapita nje ya kanisa lenu nkienda sokoni. Madirisha yenu wazi. Usinitie aibu. Sema likawa. Nani atajua?"

Ningeweza. Kwa hesabu yangu ilikuwa silabi kwa silabi, hakuna hasara. Lakini kila nilipojaribu "likawa", yule mtoto wa horini, huyo Neno mwenyewe, aligeuka kitu, kama jiwe, kama jembe.

"Bi Mkubwa, ukiniita naitikaje?"

"Naam. Siku ukiwa na adabu."

"Jiwe laitika?"

"Una wazimu."

"Huyu mamake alimwita, naye akaitika. Anayeitika naam hasemwi 'li'."

"Mungu aitwe na mwanamke, aitike naam? Astaghfirullah! Mwisho utanambia alikuwa akijikuna."

"Kama palikuwa na mbu, alijikuna. Ama alikuwa mtu, ama hakuwa. Hapo sina bei ya kati."

"Ntakuja kusikia," alisema, kama mteja anayeondoka akijua utamwita arudi. Sikumwita.

Krismasi nikasimama mbele. Dirishani nikaliona buibui lake, limesimama na kikapu. Nikasoma polepole hadi pale, nikavuta pumzi, nikasema "akawa" kwa sauti ile ninayomwambia mtu kwamba bei haishuki. Waliokaa mbele wakainua vichwa. Nje, kikapu kikahamishwa mkono.

Bi Mkubwa asije akadhani ulimi uliteleza, nikarudi nyuma, nikausoma mstari wote upya.