Jicho la Mdogo Wangu

Harufu ya pumba za mpunga zikiungua hunirudisha kwetu Segese, uani, nikicheza na mdogo wangu wa kike. Jicho lake la kushoto liling'aa weupe kama la paka. Baba, mchimbaji wa dhahabu, alidhani ni vumbi, na msimu mzima tulimtia dawa ya matone ya dukani. Hospitalini, daktari alimwambia mama taratibu, "Ni saratani, mama. Utando wa ndani umeshabanduka, jicho halioni tena. Tulitoe, mtoto apone."

"Na hili lingine?"

"Hilo ni zima."

Mama akakubali, akageukia ukutani. Mdogo wangu alipozinduka, alipapasa bandeji, akaniuliza, "Dada, wameliweka wapi?"

Nikamwambia sijui.