Sufuria Isiyo na Kifuniko

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai kule Nanyuki, ukungu umeuficha mlima mzima. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kijijini kwetu Giakanja na spana zangu ndani ya gunia, na watu walikuwa wameanza kuniita fundi. Mwanangu, jina hilo ni tamu. Likikulevya, unasahau kwamba bado unajifunza.

Asubuhi hiyo lilirudi gerejini kwetu gari la Mzungu mmoja mstaafu, Bwana Tomasi, na mkewe. Lilikuwa lori la dizeli lililojengewa nyumba mgongoni, lenye kitanda, jiko, hata pazia za maua. Ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Mwezi uliotangulia lilikuwa limechemka likipanda kutoka Isiolo, nami nikalitengeneza. Sasa ugonjwa ulikuwa umegeuka. Injini haikupata moto hata ikienda kutwa. Sindano ya geji ya joto ililala chini, moshi mweupe ulitoka nyuma, na dizeli ilikuwa ikiisha upesi. Joto la chumbani lilitoka kwenye maji ya injini, kwa hivyo mama yule alishuka amejifunga blanketi mbili.

"Fundi," akaniambia, "nyumba yangu sasa ni friji. Magoti yangu yanalia."

Bwana Tomasi hakucheka. Walitaka kufika Marsabit, na kama injini imekwisha, wangeliuza gari papo hapo na kurudi kwao. "Niambie ukweli. Imekufa?"

Moyo wangu ulijua jambo, mwanangu, lakini ulimi ulikimbia. "Ni kama pampu imechoka," nikasema. "Itabidi tufungue injini yote."

Mama akageuka, akazitazama pazia zake.

Mzee Athumani, fundi wetu mkuu, alikuwa amesikia. Alikuwa mtu wa mtaa wa Majengo, mpole, asiyepaza sauti. Akanivuta kando.

"Wachira, unataka kumpasua mgonjwa. Umemshika paji la uso?"

"Nimeangalia geji, Mzee."

"Geji nayo hudanganya. Washa injini, kisha ushike paipu ya juu ya rejeta."

Injini ilikuwa imelala baridi usiku kucha. Nikawasha, nikashika. Dakika chache tu, na paipu ilikuwa vuguvugu tayari.

"Ingepaswa kuwa baridi bado," akasema. "Maji yanakimbilia kwenye rejeta kupozwa kabla hayajapata moto. Mkeo akichemsha githeri katika sufuria isiyo na kifuniko, tena nje kwenye upepo, mtakula saa ngapi?"

Kisha akafunika rejeta kwa katoni ya sabuni, tukaliendesha gari hadi darajani na kurudi. Sindano ikapanda, moshi ukapungua. Kwa hiyo geji ilikuwa nzima, na injini pia. Kilichokosekana ni kifuniko.

"Themostati iko wapi, kijana?"

Hapo nikainama. Themostati ni kifaa kidogo cha shaba kinachoyafungia maji ndani ya injini mpaka yapate moto, ndipo kinayaachia njia. Siku zile, mafundi wengi wa huku gari likichemka tulikuwa na dawa moja: ng'oa themostati, tupa. Nami niliing'oa bila kumwambia mwenyewe, gari likaacha kuchemka, nikajiona bingwa.

"Niliitupa kwenye pipa la vyuma, Mzee."

"Ilete."

Akaitumbukiza katika sufuria yetu ya chai, maji yakaanza kutokota, na taratibu ikafunguka kama mdomo wa kifaranga. Nzima kabisa! Akaenda kubonyeza mkanda wa feni kwa kidole, ukabonyea vibaya.

"Huu ndio uliochemsha gari," akasema. "Umelegea kama mshipi wa mlevi, feni haizunguki vizuri. Wewe ukamfukuza mlinzi, mwizi ukamwacha ndani. Sasa nenda umwambie mwenyewe."

"Mzee, si unisaidie kumwambia?"

"Mimi niliing'oa?"

Nikaenda. "Bwana, injini yako haijafa. Ni mimi niliyetoa kitu mwezi uliopita, na leo nikaogopa kusema."

Mkewe akauliza, "Kwa hivyo hatuuzi?"

"Hamuuzi, mama."

Akacheka mpaka blanketi moja ikaanguka, kisha akajifuta macho. Mumewe akashusha pumzi na kunipiga bega. "Basi rudisha," akasema, "na ukaze kila kitu." Kabla ya saa sita sindano ilikuwa imesimama katikati, na mama ameketi ndani bila blanketi. Nami, mwanangu, nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia la kahawa.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Shika kwanza kabla ya kufungua. Anza na kilicho rahisi, na ujiulize ni mkono gani uliogusa mwisho. Ukikuta ni wako, sema mapema, kwa maana kosa lililosemwa hutengenezeka kwa spana moja, na lililofichwa hutaka injini nzima ifunguliwe. Wala usikate tamaa. Mimi niliendelea kuitwa fundi, ila tangu siku ile nililistahili jina hilo zaidi kidogo.

Mungu aubariki mkono wako uwe mwepesi kushika, na ulimi wako uwe mwepesi kukiri. Nyumba utakazozigusa zipate joto, na wewe usikose pa kuota moto.