Kitabu Kilichotugombanisha

Kwa miezi minne mfululizo kikundi chetu cha kusoma kilimaliza mjadala kabla chai haijachemka, na kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa watu watano. Tulikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika mtaa wa Satellite, sebuleni kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wetu. Wengine walikuwa seremala wa Kangemi, nesi wa hospitali moja ya Parklands, jirani wa mwalimu, mtu asiye msemaji, na mimi, mtunza stoo katika duka la vifaa vya umeme katikati ya jiji. Kazi ya kuchagua vitabu nilipewa mimi kwa sababu, saa ya chakula cha mchana, naweza kuwafikia kwa miguu wauza vitabu vya mitumba.

Niliifanya kwa utaratibu. Sharti langu la kwanza lilikuwa nakala tano za kitabu kimoja, kila mtu apate yake. Kando ya barabara, kitabu chenye nakala tano karibu kila mara ni kitabu teule cha zamani, kilichouzwa na wanafunzi baada ya mtihani. Hilo lilinipendeza. Kama kimefundishwa shuleni, nilijiambia, basi kimeshapimwa. Sikufikiria kwamba wanafunzi hao walikuwa wameandika kwenye kila ukurasa wake. Pambizo zilijaa penseli: dhamira ni tamaa, mhusika ni mvumilivu, funzo ni hili.

Basi tulipoketi, mwalimu aliuliza kama alivyozoea darasani, "Haya, tunajifunza nini?"

Seremala akainamia nakala yake. "Tamaa ni mbaya."

Nesi akaangalia yake. "Hata hapa wameandika hivyo."

Jirani akaenda kutazama sufuria ya chai.

Mwezi wa nne mwalimu alisema tusidanganyane. Mkutano ujao ukiwa hivyo tena, tuvunje kikundi, na Jumamosi hizo tuzitumie kutembelea wagonjwa wa kanisa. Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikupinga, lakini niliondoka na moyo mzito. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Yote niliyosoma tangu hapo nimeyasoma peke yangu, na sebule ile ndiyo mahali pekee ambapo mtu amewahi kufunga kitabu, kunitazama na kuniuliza nimeonaje.

Wiki iliyofuata nilikuta riwaya moja kwa muuza vitabu. Nakala zilikuwa mbili tu, safi, bila alama. Nilinunua moja, nikaisoma kwa siku tatu. Mjane anamzika mumewe katika makaburi ya mjini, badala ya kumrudisha kwao, na ukoo mzima unamgeuka. Nilifika mwisho bila kujua kama alikosea. Hilo lilinisumbua, kwa kuwa katika vitabu vya awali nilikuwa nikijua jibu kabla ya ukurasa wa ishirini.

Asubuhi nilimsimulia mke wangu kwa sentensi tatu.

"Alifanya vizuri," akasema. "Si ni mume wake?"

Mchana nikamsimulia mlinzi wa duka letu, sentensi zile zile. Akaweka rungu chini. "Huyo mama ana wazimu!"

Nikarudi kununua nakala ya pili. Niliandika ratiba ya kupokezana, siku kumi kila mtu, na nikaomba jambo moja tu: penseli zikae nyumbani.

Jumamosi ile nilikaa ukingoni mwa kiti. Mwalimu alifungua kwa maombi. Kabla hajauliza swali lake, seremala akaanza.

"Mimi niseme mapema. Mke wangu akinizika mjini, nitamrudia."

"Na nauli utatoa wapi?" akasema nesi. "Ukiwa hai huendi kwenu hata Krismasi."

Tukacheka wote isipokuwa seremala. "Sista, usinichezee. Mtu azikwe kwao."

"Kwao wapi? Huyu marehemu kazi ni hapa, watoto amezaa hapa, kanisa ni hapa. Huko kwingine ni jina tu."

"Jina tu! Mwalimu, unamsikia huyu?"

Hapo jirani, ambaye kwa miezi minne alikuwa ametuhudumia chai na kunyamaza, alifungua kitabu katikati. "Marehemu mwenyewe alimwambia mkewe asimpeleke kwao. Soma hapa."

"Alikuwa mgonjwa!"

"Mgonjwa si mjinga, fundi."

"Tulieni," mwalimu akasema. "Mwandishi anatufunza nini?"

"Mwache mwandishi, Mwalimu," seremala akamjibu. "Wewe ungemzika wapi?"

Mwalimu alivua miwani. "Mume wangu nilimpeleka kwao," akasema. "Siku hizi nikitaka kuona kaburi lake, naomba ruhusa kwa shemeji." Akaifuta miwani. "Sijui kama nilifanya sawa."

Seremala akashusha sauti. "Pole, Mwalimu. Lakini mimi bado nasema ulifanya sawa."

"Unasema hivyo kwa sababu hujawahi kuomba ruhusa," mwalimu akamwambia, na sauti yake haikuwa ya darasani.

Kisha akanigeukia. "Na wewe umeonaje?"

Nilisema nimekisoma mara mbili na kila mara nimekuwa upande tofauti. Nesi akadai nichague. Seremala akadai nichague sasa hivi. Chai ilipoa vikombeni, jua likahama kutoka dirishani, na hakuna aliyetaja wagonjwa wala kuvunja kikundi.

Mwalimu alinisindikiza hadi langoni. "Mwezi ujao?"

"Bado natafuta."

"Tafuta kingine cha kutugombanisha."

Nilitembea polepole hadi kituoni, mabega yakiwa mepesi kama nimetua gunia. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba tumebishana saa mbili nzima, fundi amefoka, mwalimu karibu alie, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

Akanitazama usoni. "Na mbona unacheka?"