Mtamba Aliyebaki

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja Karatu, nikisubiri muhuri. Pembeni yangu alikaa mama wa Kimaasai kutoka Olbalbal, ameshika fomu ya kupeleka mtamba wake mnadani ili anunue unga. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wake wengine wote. Huyo alipona kwa kuwa alikuwa kwa kaka yake, juu milimani.

Upande wa pili alikaa mzungu mzee, mtaalamu wa mimea ya nchi za barafu, akisimulia habari za kwao. Dada aliyemwongoza alikuwa akitutafsiria. Zamani sana, alisema, barafu ilifunika karibu nchi yote ikaua mimea. Michache ilipona mahali ambapo barafu haikufika. Barafu ilipoyeyuka, mbegu zikasambaa tena kwa upepo, kwa ndege, hata juu ya mapande ya barafu yaliyoelea baharini.

Mama akauliza, "Hiyo michache, hakuna aliyeing'oa?"

Mzee akatikisa kichwa. "Ingeng'olewa, leo tusingekuwa na kitu."

Mama akakunja pembe ya fomu kwa kidole gumba. Alipoitwa, alisimama lakini hakusogea dirishani.

"Nimeghairi, mwanangu," alimwambia karani. "Abaki huko huko kwa kaka yangu."

"Na unga, mama?"

"Nitauza shanga."

Akatoka. Dada mkalimani alikuwa ameitwa dirishani, hivyo mzee aliniuliza mimi kwa Kiingereza kuna nini. Nilitaka kumwambia kwamba ni maneno yake mwenyewe yaliyomgeuza mama, lakini Kiingereza kilinikimbia.