Mchicha wa Chini ya Viota

Menza wa hapa kwetu Jomvu Kuu anapenda sifa, na sifa zake zote alizipata kwa ndege. Shamba lake dogo limepakana na mikoko, na katika mikoko hiyo minandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, hutaga kwa mamia. Sisi majirani tuliziba pua kwa kinyesi chao. Yeye alichota udongo wa chini ya viota, akaumwaga kwenye matuta, na mchicha ukaota majani mapana ajabu. Wajawazito waliopungukiwa damu walikuja kununua kwake. Vivian, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi saba, alipelekewa fungu kila asubuhi na Menza mwenyewe.

Mwezi uliopita Lynnette, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja kuchukua udongo na majani ya kupima. Menza alimtembeza shambani kwa madaha hadi nikacheka. Juzi binti akarudi na karatasi.

Alisema ndege hula samaki wa maji yanayoingiwa na taka za viwandani. Madini yenye sumu, risasi na kadimiamu, hushuka na kinyesi, mwaka baada ya mwaka. Udongo umejaa, na mchicha umeyanyonya.

"Nitauosha mara tatu," Menza akasema.

"Yamo ndani ya jani, mzee."

"Basi nitaikata mikoko, ndege wahame."

"Hata wakihama leo, madini yatabaki kwenye udongo."

Menza hana shamba jingine. Alikaa juu ya ndoo, akaanza kuyahesabu matuta; mimi ningepiga mayowe.

Jana asubuhi nilimkuta aking'oa mchicha wote. Mbuzi wangu wakaja mbio, akawacharaza fimbo.

"Uchome moto," nikamwambia.

"Na moshi wake, Mwanabibi? Na jivu?"

"Ufukie."

"Nifukie wapi? Si udongo ule ule?"

"Basi tupa baharini, tupumzike!"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Samaki waule, minandi wawale samaki, wanirudishie hapa hapa?"

Hapo Vivian akatokea na ungo wake. Alikuwa amengoja fungu lake halikufika, akaamua kulifuata. Aliyaona matuta matupu, akamwona baba mkwe na mzigo wa mchicha kifuani.

"Huu hauliki tena, mwanangu," Menza akasema. "Una sumu."

Vivian akaweka mkono tumboni. "Na ule niliokula, baba?"

Nilitaka mtu amjibu. Menza aliukaza mzigo kifuani. Mimi nami nimekula mchicha ule miaka mingapi, lakini mimi ni mzee, sina mtoto tumboni.

Nikamshika Vivian mkono, tukaenda zahanati kuuliza. Menza alitaka kutufuata, akapiga hatua mbili, akasimama. Mbuzi walikuwa wanamzunguka, na hakuwa na mahali pa kuutua mzigo.