Mpira Uko Kwenu

Kwenye vikao hapa Mpanda, mtu akishachoka kuzungumza hufunga kwa kusema, "Sasa mpira uko kwenu." Msemo wa Waingereza huo, umetoka kwenye tenisi, mchezo ambao mimi sijawahi kuuona ukichezwa mji huu. Maana yake: sisi tumemaliza, zamu yenu. Nikiusikia huuliza hapo hapo, "Tufanye nini, na lini?" Watu hucheka, wanasema huyu mama mkorofi.

Mara ya kwanza niliusikia sebuleni kwetu Kibaoni, nikiwa nyuma ya pazia. Mshenga wa mchumba wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshakubaliana na baba kuhusu ng'ombe wa mahari. Akasimama, akaweka koti sawa, akaumwaga msemo huo kwa Kiingereza, kisha akatutafsiria. Baba akaitikia kwa kichwa. Alielewa vizuri tu, tatizo halikuwa lugha.

Kwa ukoo wa mchumba wangu, Wasukuma, ng'ombe hawatoki zizini mpaka upande wa binti uende kuwakagua. Kwa baba yangu, Mpimbwe wa watu, mzee hakanyagi kwa wakwe kabla mahari haijafika.

"Niende kuchungulia zizi la watu?" alisema. "Wataniona nina njaa. Walete."

Mama alikuwa ameshatenga gunia la mchele wa wageni, ule unaonukia. Likakaa. Mvua zikaja, tukapanda, gunia liko pale pale. Mchumba wangu akapiga simu kutoka Kakese: "Mwambie mzee aje basi." Nikamwambia baba, akanuna. Mchumba naye akawaambia wazee wake walete tu, wakanuna. Tulikuwa tunapendana, jamani, na hakuna aliyetuuliza sisi.

Wakati wa mavuno akapiga tena. Alisema anaoa binti mwingine, wa kijiji cha Magamba. Baba wa binti huyo alikwenda mwenyewe asubuhi moja, akazunguka zizini, akachagua, akanywa maziwa, akaondoka. Basi.

Nilipomweleza baba, aliuliza, "Sasa mbona hawakutuma mtu tena?" Nilimkasirikia, nikatoka nje.

Jioni ile mama alifungua gunia, akapika. Wali ukanukia mpaka kwa majirani. Baba akaingia, akanawa mikono, akatazama sinia.

"Leo kuna mgeni?"

"Hakuna," mama alisema. "Kula."